Mzigo wa Wengi

SABATO MCHANA

Soma kwa ajili ya juma hili: Kut. 18:13–27; 1 Fal. 19:1–18, Neh. 3; 4:10–16; 5:1–16; 7:1, 2; Mdo 6:1–7; 9:36–42; 11:19–26; 15:36–40; Gal. 6:2–10, 2 Tim. 4:9–11.

Fungu la Kukariri: Wagalatia 6:2. Kila mshiriki alisome katika Biblia yake na kulikariri kabla ya Sabato ijayo.

Jina la Kariakoo lilitokana na watu wabeba mizigo. Majeshi ya Waingereza yalipoingia Dar es Salaam mnamo Septemba 1916, eneo hilo lilifanywa kambi ya wapagazi wa jeshi. Kikosi chao kiliitwa Carrier Corps, na wenyeji wakalitamka jina hilo kwa ulimi wao wenyewe, likawa Kariakoo. Wengi wa wapagazi wale hawakuiomba kazi hiyo. Walitwaliwa vijijini kwa nguvu, wakatwishwa risasi na vyakula vya askari, na maelfu mengi walikufa kwa njaa, magonjwa na uchovu.

Wabeba mizigo bado wapo Kariakoo hata leo. Anayewatazama wakishusha magunia atajifunza jambo moja: gunia zito halipandi kichwani lenyewe. Lazima awepo wa kumtwika mbebaji, na afikapo mwisho wa safari awepo wa kumtua. Asiyekuwa na wa kumtua huendelea kusimama na mzigo wake, au huuangusha.

Hali hiyo hutokea pia katika huduma za kanisa na vikundi vidogo vya kujitolea. Kiongozi mpya hutwikwa kazi kwa sherehe na maombi, lakini hakuna aliyepanga siku ya kumtua. Washiriki wanaojitolea huanza wakiwa wengi, kisha hupungua mmoja mmoja bila kuaga. Juma hili lesoni inachunguza jinsi watu wa Mungu walivyokabidhiana kazi, na jinsi walivyowatunza wale waliofanya kazi bila mshahara.

JUMAPILI
Waliochoka Walikuwa Wengi

Soma Kutoka 18:13–27. Yethro aliona tatizo gani, na tatizo hilo liliwaumiza akina nani?

Musa aliketi kuamua mashauri tangu asubuhi hadi jioni. Hakuwa mvivu wala mpenda makuu. Watu walimjia, naye akawahudumia. Lakini Yethro, mkwewe, aliyekuja kama mgeni, aliona jambo ambalo wenyeji walikuwa wamelizoea. Katika fungu la 18 alimwambia Musa kwamba atachoka yeye pamoja na watu walio naye. Mara nyingi msomaji humwonea Musa huruma na kuwasahau wale waliosimama kutwa nzima wakimngojea mtu mmoja. Kiongozi anayefanya kila kitu peke yake huwachosha pia anaowaongoza.

Ushauri wa Yethro ulikuwa na hatua mbili, na mpangilio wake ni wa maana. Kwanza Musa awafundishe watu sheria na njia ya kuiendea (fungu la 20). Ndipo achague watu wenye uwezo, wamchao Mungu, wa kweli, wanaochukia mapato ya udhalimu (fungu la 21). Mafundisho yalitangulia uteuzi. Makanisa mengi hugeuza mpangilio huo: mtu huchaguliwa leo, kisha huachwa ajifunze kwa makosa.

Soma Matendo 6:1–7. Kanisa la Yerusalemu lilifanya nini liliposikia manung'uniko?

Wajane wa Wayahudi wa Kiyunani walisahauliwa katika huduma ya kila siku. Mitume hawakuwakemea walionung'unika, wala hawakuahidi kuongeza saa zao za kazi. Waliwaagiza ndugu wachague watu saba. Majina yote saba ni ya Kiyunani, jambo linaloonyesha kwamba kanisa halikuogopa kuwaamini watu waliokuwa karibu na upande uliolalamika. Matokeo yameandikwa katika fungu la 7: neno la Mungu likaenea.

Kanuni ya Kanisa huweka kipindi cha utumishi wa viongozi wa kanisa mahalia kuwa mwaka mmoja, au miaka miwili pale kanisa lilipoamua hivyo. Utaratibu huu si wa kumwaibisha anayeondoka. Ni njia ya kumtua mtu mzigo kabla hajaanguka nao.

Ni kazi gani katika kanisa lako imebaki kwa mtu mmoja kwa miaka mingi kwa sababu tu husemwa kwamba hakuna mwingine wa kuifanya?

JUMATATU
Nguvu za Wachukuzi

Soma Nehemia 3. Ni watu wa namna gani waliojenga ukuta?

Sura hii ni orodha ya watu wa kujitolea. Wamo makuhani, wafua dhahabu, watengeneza manukato, Shalumu pamoja na binti zake, na mwishoni kabisa wafanyabiashara. Kama ingekuwa Ilala, orodha hiyo ingekuwa na muuza vitenge wa Kariakoo, fundi cherehani wa Buguruni, karani wa ofisi na mama lishe. Tazama pia jinsi kazi ilivyogawanywa: wengi walijenga mbele ya nyumba zao wenyewe (mafungu ya 10, 23, 28–30). Kila mmoja alikijua kipande chake, mahali kilipoanzia na kilipoishia.

Hata hivyo kazi nzuri huchosha. Katika Nehemia 4:10 watu wa Yuda walisema kwamba nguvu za wachukuzi wa mizigo zimepungua na kifusi ni kingi. Nehemia hakuwaambia kwamba imani yao ni haba. Aliwapanga upya kwa jamaa zao, akagawanya zamu kati ya kujenga na kulinda, akawakumbusha habari za Bwana aliye mkuu.

Soma Nehemia 5:1–16. Ni kilio gani kilisikika katikati ya ujenzi?

Waliokuwa wakijenga walikuwa na njaa nyumbani. Walikuwa wameweka rehani mashamba yao, na watoto wao walikuwa wakitiwa utumwani kwa ajili ya madeni. Nehemia alishughulikia jambo hilo kabla ukuta haujamalizika. Tena yeye mwenyewe, kwa muda wa miaka 12, hakula chakula cha liwali.

Hapa lipo somo kwa kila anayeongoza watu wasiolipwa. Anayejitolea hutoa muda wake, na mara nyingi hutoa pia nauli yake. Kijana anayepanda daladala kutoka Gongo la Mboto kwenda kuwatembelea wagonjwa Sabato alasiri huenda ameiacha familia bila pesa ya mboga ya kesho. Akiacha kuja, wapo watakaosema amepoa kiroho. Nehemia angeuliza kwanza kama amekula.

Katika kikundi chako, nani anajua gharama ambayo kila mshiriki huibeba ili kufika kwenye huduma? Je, wapo walioacha kwa sababu waliona haya kusema hawana nauli?

JUMANNE
Dorkasi na Ufunguo wa Stoo

Soma Matendo 9:36–42. Wajane walimwonyesha Petro nini, na kwa nini?

Dorkasi alipokufa, wajane wa Yafa walisimama karibu na Petro wakilia na kumwonyesha kanzu na nguo alizozishona alipokuwa pamoja nao. Huzuni yao ilikuwa ya upendo, lakini ilikuwa pia ya watu waliopoteza tegemeo. Mungu alimfufua, akarudishwa kwa watakatifu na wajane. Hata hivyo idara nyingi zinazoitwa kwa jina lake hazitarudishiwa kiongozi wao kwa muujiza. Kiongozi akiondoka, ameondoka.

Ufuatao ni mfano uliotungwa kwa ajili ya kujifunza, ingawa washiriki wengi watautambua. Kikundi cha huduma katika kanisa moja la Ilala kina watu 24. Kila Sabato alasiri hupeleka uji na sabuni kwa wagonjwa wasio na ndugu. Kiongozi wao ni mama mtumishi wa serikali, mchapakazi, anayependwa na wote. Serikali ilipoanza kuhamia Dodoma mwaka 2016 familia nyingi za Dar es Salaam zilionja uhamisho, na zamu ya mama huyu nayo ikafika. Kanisa likamwaga kwa keki na zawadi ya kitenge. Binti mmoja akachaguliwa kushika nafasi yake.

Sabato ya kwanza kikundi kilifika, lakini sufuria zilikuwa zimefungiwa stoo na ufunguo ulikuwa kwa shemeji wa yule mama, Ukonga. Sabato ya pili ufunguo ulipatikana, lakini sukari haikuwapo, kwa kuwa wafadhili walikuwa wamezoea kutuma pesa kwenye simu ya mama, na namba zao alikuwa nazo yeye tu. Sabato ya tatu walifika wodini wakakuta hakuna muuguzi anayewajua.

Binti akapiga simu Dodoma. "Shikamoo mama. Naomba namba ya yule muuguzi uliyekuwa unaongea naye."

"Marahaba mwanangu. Namba sina. Nilikuwa naenda mwenyewe mapema, namtafuta hukohuko. Mbona hamkuniuliza kabla sijaondoka?"

"Mama, hatukujua hata cha kuuliza."

Baada ya miezi mitatu walibaki watu sita. Hapakuwa na ugomvi wala mafundisho ya uongo. Watu 18 walifika mara mbili tatu wakakuta hakuna cha kufanya, wakarudi nyumbani, kisha wakazoea kubaki nyumbani. Na wagonjwa waliokuwa wakingoja uji hawakuelezwa sababu.

Mama yule alikuwa mwaminifu katika kila kitu isipokuwa kimoja: hakumwonyesha mtu mwingine njia. Kanisa nalo lilikuwa na kosa lake, kwa maana lilipanga sherehe ya kumwaga bila kupanga hata siku moja ya makabidhiano.

Tiba yake haihitaji fedha. Kuwe na daftari moja linaloeleza kazi hufanywaje, nani hupigiwa simu, na vitu viko wapi. Pesa zipokelewe na mhazini kwa utaratibu wa kanisa, zisikae katika simu ya mtu mmoja. Kila kiongozi awe na msaidizi anayekwenda naye tangu siku ya kwanza. Na anayeondoka na anayeingia wafanye kazi bega kwa bega angalau mwezi mmoja.

Kama kiongozi wa idara yako angeondoka Jumapili ijayo, ni jambo gani la kwanza ambalo lingekwama?

JUMATANO
Aliyeachia Kiti Akabaki

Soma Matendo 11:19–26. Barnaba alifanya nini alipoona kazi ya Antiokia inakua?

Barnaba ndiye aliyetumwa na kanisa la Yerusalemu. Kazi ilistawi mikononi mwake. Lakini badala ya kuing'ang'ania, alisafiri hadi Tarso kumtafuta Sauli, akamleta Antiokia, wakafundisha pamoja mwaka mzima. Mwanzoni Luka huandika Barnaba na Sauli. Kufikia Matendo 13 huanza kuandika Paulo na Barnaba. Barnaba hakuondoka jina lake lilipowekwa la pili.

Historia ya Kariakoo ina mfano unaofanana na huo. Mwaka 1929 kilianzishwa Dar es Salaam chama kilichoitwa African Association. Mwalimu Cecil Matola alikuwa rais wake, na Kleist Sykes katibu. Kilikuwa chama kidogo cha watu wa kujitolea, wengi wao makarani na walimu. Kwa michango na nguvu za wanachama walijijengea ofisi katika Mtaa wa New Street, ambao leo ni Mtaa wa Lumumba. Baadaye kikaitwa Tanganyika African Association, kwa kifupi TAA.

Udhaifu mkubwa wa chama hicho ulikuwa huu: viongozi wengi walikuwa watumishi wa serikali, na serikali iliweza kuwahamisha. Mwaka 1950 Dkt. Vedasto Kyaruzi alichaguliwa kuwa rais na Abdulwahid Sykes, mtoto wa Kleist, akawa katibu. Haukupita muda mrefu Dkt. Kyaruzi akahamishwa kikazi nje ya Dar es Salaam. Abdulwahid, aliyekuwa msimamizi wa Soko la Kariakoo, akabaki akiubeba mzigo wa ofisi.

Aprili 1953 ulifanyika uchaguzi katika Ukumbi wa Arnautoglu. Julius Nyerere, mwalimu kutoka Pugu ambaye hakuwa na muda mrefu mjini, alichaguliwa kuwa rais. Abdulwahid, ambaye baba yake alikuwa miongoni mwa waasisi, akawa makamu wake. Hakufunga ofisi wala kuanzisha chama kingine. Tarehe 7 Julai 1954, TAA ilipogeuzwa kuwa TANU, alikuwamo miongoni mwa waasisi 17. Nyerere naye aliacha kazi ya ualimu mwaka 1955 ili kuutumikia mzigo aliotwikwa.

Kisha palihitajika watu wengi wa kujitolea. Bibi Titi Mohamed, mwenyeji wa Dar es Salaam, hakuanza kwa kumtafuta mwanamke mmoja mmoja. Aliviendea vikundi vya wanawake vilivyokuwapo tayari, vyenye viongozi wao na desturi ya kusaidiana. Watu waliokwisha kuaminiana waliingia pamoja, na walishikana walipochoka.

Lesoni hii haihusu siasa. Inahusu roho inayohitajika kiti kinapobadilika mtu. Waswahili wa Tanzania wanalo neno kung'atuka, lililozoeleka kwa sababu ya Mwalimu Nyerere, alipouacha urais mwaka 1985 kwa hiari yake. Kung'atuka ni kuzuri, lakini Barnaba anafundisha jambo la zaidi: kung'atuka kisha kuendelea kutumika chini ya yule uliyemwachia. Mzee wa kanisa aliyemaliza kipindi chake na bado akafika mapema kupanga viti humsaidia mrithi wake kuliko hotuba yoyote.

Ni vigumu kwa nani zaidi: kwa anayeachia nafasi, au kwa anayeipokea huku mtangulizi wake akimtazama? Kila mmoja wao afanye nini ili kumrahisishia mwenzake?

ALHAMISI
Aliyerudi Kutoka Njiani

Soma Matendo 13:13. 15:36–40 na 2 Timotheo 4:9–11. Habari za Yohana Marko zilianzaje, na zikaishaje?

Marko aliondoka katikati ya safari huko Pamfilia. Biblia haitaji sababu. Paulo aliona si vema kumchukua tena, Barnaba akaona apewe nafasi nyingine, na kwa ajili hiyo mitume wawili wakatengana. Miaka ikapita. Paulo, akiwa amefungwa na kifo kikiwa karibu, alimwomba Timotheo amlete Marko kwa kuwa anamfaa kwa utumishi.

Barnaba hakusubiri Marko athibitishe kwamba amebadilika ndipo ampe kazi. Alimchukua wakasafiri pamoja hadi Kipro. Aliyeshindwa kazi kubwa anaweza kurudi kwa kazi ndogo, akiwa na mtu wa kutembea naye.

Soma 1 Wafalme 19:1–18. Mungu alimtendea Eliya nini kwanza?

Nabii aliyechoka hadi kuomba kufa alipewa usingizi na chakula, si mara moja bali mara mbili. Baada ya hapo ndipo Mungu alipozungumza naye habari za kazi, akamjulisha mambo mawili ambayo Eliya hakuyajua: wako 7,000 ambao hawajapiga magoti kwa Baali, na yuko Elisha wa kutiwa mafuta mahali pake. Mtu aliyechoka hudhani amebaki peke yake. Upweke huo ni sehemu ya mzigo.

Kanisa likimwona mshiriki hafiki tena kwenye huduma, lisianze na ujumbe wa lawama katika kundi la WhatsApp. Wawili waende nyumbani kwake. Wasali naye, waulize habari za watoto na biashara, wanyamaze wasikilize. Huenda alifiwa. Huenda aliona haya kwa neno aliloambiwa mbele ya watu. Au alitumika miaka minane bila mtu yeyote kumshukuru.

Mfikirie mtu mmoja aliyeacha kutumika katika kanisa lako. Nani amewahi kumwuliza sababu?

IJUMAA
Kwa Kujifunza Zaidi

Katika kitabu cha Matendo ya Mitume, Ellen G. White anaeleza kwamba utaratibu uliowekwa Yerusalemu kwa kuchaguliwa wale saba ulikusudiwa kuwa kielelezo kwa makanisa ya mahali pengine. Kugawana kazi hakukuwa dharura ya siku moja.

Historia ya Waadventista wa Tanzania inathibitisha umuhimu wa jambo hili. Mwaka 1903 wamisionari Johannes Ehlers na A. C. Enns walianza kazi katika milima ya Upare. Vita ileile iliyoipa Kariakoo jina lake iliwaondoa wamisionari wa Kijerumani katika vituo vyao. Kazi ikabaki mikononi mwa walimu na waumini Waafrika, nao wakaishika. Isingeshikika kama wamisionari wangeondoka na kila kitu vichwani mwao. Waliofundishwa mapema waliweza kubeba mzigo siku ilipofika.

Nehemia naye, ukuta ulipokwisha, aliwakabidhi Hanani na Hanania ulinzi wa Yerusalemu (Neh. 7:1, 2), akitaja sababu: uaminifu na kumcha Mungu. Hata hivyo Nehemia 13:6, 7 inaonyesha kwamba alipokwenda kwa mfalme na kurudi, alikuta baadhi ya mambo yameharibika, akayatengeneza. Makabidhiano mazuri hayaondoi kila hatari. Kazi ni ya Bwana, na kila kizazi hulazimika kuinama na kuiinua tena.

Maswali ya Kujadili:

1. Soma pamoja Wagalatia 6:2 na 6:5. Fungu moja linasema mzigo huchukuliwa kwa kusaidiana, lingine linasema kila mtu atauchukua wake. Katika huduma ya kujitolea, ni mzigo upi usioweza kumwachia mwingine, na ni upi usiopaswa kuubeba peke yako?

2. Katika mfano wa Jumanne, gaweni wajibu: yule mama alipaswa kufanya nini, binti nini, na baraza la kanisa nini? Ninyi mngeanzia wapi kuwarudisha wale 18?

3. Wengine husema kwamba kumsaidia anayejitolea kwa nauli kunaharibu roho ya kujitolea. Nehemia 5 inajibu nini? Mipaka iwe wapi?

4. Kamati ya uteuzi inapokutana, hutumia muda gani kuzungumza juu ya wanaotoka? Pendekezeni jambo moja ambalo kanisa lenu litafanya mwaka huu ili kila anayemaliza kipindi apate mtu wa kumtua.

Kazi ya Juma: Kabla ya Sabato ijayo, kila mwenye wajibu katika kanisa aandike katika ukurasa mmoja jinsi kazi yake inavyofanywa, amsomee mshiriki mmoja, kisha amwulize ni jambo gani hakulielewa. Ukurasa huo utunzwe na karani wa kanisa.